Plaiwudi Sita Zilizopigwa Msasa

Karakana,
Jumatano, tarehe 3

Mjomba,

Juzi Jumatatu, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, zilipotea plaiwudi sita. Hazikuibiwa, hazikulowa, hazikuungua. Zilipigwa msasa. Aliyezipiga ni wewe, na shahidi ni Breki, dereva wa lori, aliyerudi kuchukua turubai lake akakukuta umejifunga kitambaa puani, mweupe kuanzia kope hadi viatu, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

Shikamoo. Nimeichelewesha makusudi ili ujue nimekasirika kiasi gani. Nimeitoa kwa sababu mama alinilea.

Sikupigii simu. Kwa simu utanichekesha, na nikishacheka nimeshashindwa. Barua haichekeshwi.

Sasa nikueleze zile plaiwudi nilizokutumia ujengee jiko la mama ni nini, ingawa nilishakueleza kwenye karatasi niliyoibandika juu ya bando. Zinatoka kiwandani zimeshapakwa vanishi pande zote mbili na kukaushwa kwa taa kali. Vanishi hiyo ni ngumu kuliko yoyote ambayo wewe na mimi tunaweza kuipaka kwa brashi. Ukikata vizuri na ukaunga vizuri, kabati limekwisha. Ndani linang'aa, mafuta yakimwagika unafuta. Hakuna kupaka, hakuna kungoja likauke, hakuna nzi wa kuja kufia kwenye kazi yako. Na hakuna msasa. Msasa ukipita mara moja, ule mng'ao unageuka ukungu, na ukungu huo hauondoki kwa brashi.

Nilinunua kumi na nne. Hesabu yangu ilikuwa kumi na tatu, na moja ya akiba. Kumi na nne toa sita ni nane. Kwa plaiwudi nane mama atapata makabati ya chini. Juu atapata ukuta. Na duka lililoniuzia halitapata mzigo mwingine kabla hajarudi.

Anarudi Jumamosi ya tarehe 27. Unajua kama ninavyojua kwamba maisha yake yote amepika kwenye majiko ya watu: nyumba za watu, kisha hoteli, na sasa bweni la wanafunzi. Hajawahi kuwa na kabati la jikoni ambalo ni yeye tu anayejua kilichomo. Anastaafu, anarudi nyumbani kwake, na nimeapa kwamba akisukuma mlango wa jikoni atakuta jiko. Yeye hajui. Tunaojua ni mimi, wewe, mkeo na Breki.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika randa. Wewe si mtu wa kukosea mbao. Ndiyo maana nauliza, na nataka jibu: kwa nini?

Mpwa wako,
Milimita


Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 6

Mpwa wangu Milimita,

Marahaba. Imefika imechelewa kidogo lakini haijavunjika.

Umeniandikia kama hakimu. Mama watoto alinisomea barua yako kwa sauti, alipofika kwenye gunia la unga akaweka kikombe chini, akashindwa kuendelea kwa kicheko. Ilibidi nijisomee mwenyewe mashtaka yangu.

Basi sikiliza utetezi. Mimi tangu nianze kazi hii sijaingiza mbao kwenye nyumba ya mtu bila kuipiga msasa. Mbao isiyopigwa msasa ni mgeni asiyebisha hodi. Nilipofungua bando nikaziona zimelala pale, mkono ukaenda wenyewe. Hiyo karatasi yako sikuiona. Nadhani niliifutia gundi.

Mwanzoni msasa uliteleza kama ulimi wa mwongo. Nikasema, ala, hii mbao ina kiburi. Nikaleta namba themanini, ule wa kung'olea rangi kwenye mageti. Hapo ikasalimu amri. Kwenye ya sita mama watoto akaninyang'anya msasa, akasema, "We mzee, mbao za mtoto zimekukosea nini?" Nikaenda kuoga.

Lakini usilie. Nimesugua upande mmoja tu wa kila moja. Upande wa pili unang'aa vilevile kama ulivyotoka kwenye hizo taa zenu. Wewe, Milimita, mtu anayepima hata kivuli, umepigaje hesabu ya ubao ukasahau kwamba una pande mbili?

Dada yangu atakuta jiko. Hapo sitanii.

Mjomba wako,
Kioo

Nimeweka na jina hilo makusudi. Watu walinipa kwa sababu mtu akisimama mbele ya kazi yangu alikuwa anaweza kuchana nywele. Nakukumbusha tu, isije ikawa umesahau.


Karakana,
Jumatatu, tarehe 8

Mjomba,

Shikamoo. Upande mmoja ni habari njema, na mtu mwenye huruma angeanza nayo.

Nimepiga hesabu upya. Zile sita tumia kwa mbavu za makabati ya chini. Upande unaong'aa ukae ndani, uliosuguliwa ukae nje, ukitazama ukuta au ubavu wa kabati jirani. Hakuna atakayeuona. Zile nane nzima zitakuwa vitako, rafu na migongo.

Kabla ya kukata, bandika utepe wa karatasi pale msumeno utakapopita, la sivyo vanishi itabanduka kingoni kama ganda la yai. Kaunta iwe sentimita 86 kutoka sakafuni. Si 90, si 92 ulizozoea. Najua utasema ni fupi. Usiniulize, weka 86.

Makabati matatu ya juu nimeyaunga hapahapa kwangu, kwa plaiwudi nilizokopa kwenye kazi ya mteja, Breki anakuja nayo. Yaangalie vizuri. Gundi tupu, hakuna skrubu hata moja inayoonekana. Nimepima kutoka pembe hadi pembe, hazipishani hata nusu milimita. Huenda ukajifunza kitu. Karakana hii sikurithi, Mjomba. Nilianza na msumeno mmoja kwenye kibaraza cha jirani, mvua ikinyesha nafunika mbao kwa kanga yangu nalowa mimi. Nikimwambia mtu kitu kuhusu mbao huwa nimeshakilipia.

Na bado hujajibu kwa nini. "Mkono ulienda wenyewe" ni jibu la mtu aliyekamatwa na kijiko kwenye sufuria ya jirani.

Milimita


Nyumbani,
Ijumaa, tarehe 12

Mpwa wangu,

Makabati yako yamefika. Niseme vizuri: mawili yamefika, la tatu limefika kwa mafungu.

Tulikuwa tunalishusha, mimi huku, Breki kule. Tukasema moja, mbili, tatu, tukanyanyua. Mbavu na mgongo tukaondoka navyo. Kitako kikabaki kwenye lori, kimekaa kimya kama abiria aliyepitiwa na usingizi. Breki akanitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Mzee, haya ya kisasa yanashuka kwa awamu?" Ilibidi nikae juu ya tairi ya akiba, nicheke mpaka kifua kikauma.

Hakuumia mtu wala hakikupasuka kitu, na hapo ndipo nilipoacha kucheka nikaanza kushangaa. Kiungo kikivunjika hung'oka na nyuzi za mbao, wewe unajua. Hiki kiliachia safi. Gundi yako yote ilibaki kwenye ukingo wa kitako, na ubavuni haikuacha hata alama. Iliyokuwa imetoka nje kidogo niliibandua kwa ukucha kama utando juu ya maziwa.

Nikachukua vipande vya mabaki. Viwili vinavyong'aa, viwili vya zile nilizosugua. Nikapaka gundi ileile, nikavibana, nikaviacha hadi kesho yake. Vile vinavyong'aa nilivitenganisha kwa mkono huku nimeshika kikombe kwa mkono wa pili. Vile vya msasa nilivipiga nyundo. Mbao yenyewe ilipasuka, kiungo hakikutikisika.

Mpwa wangu, gundi haishiki kioo, inashika mbao. Nyani haoni kundule. Umenifokea kwa kuondoa mng'ao, kumbe ulitakiwa uuondoe mwenyewe. Si wote. Ukanda wa upana wa kidole tu, pale kitako kinapokaa kwenye ubavu. Yale makabati yako mawili niliyagonga kwa kiganja, nayo yakakiri, viungo vikaachia. Nimeyafungua yote, nimesugua huo ukanda, nimeyaunga upya. Msasa umefichwa ndani ya kiungo, haionekani hata dalili. Na mbavu za zile plaiwudi sita ulizozililia, nimezigundisha ubavu kwa ubavu, msasa kwa msasa. Makabati ya chini sasa ni mwili mmoja. Atakayetaka kuyatenganisha aje na shoka.

Nimeshakucheka vya kutosha. Sasa nikujibu.

Karatasi yako niliisoma, na sikuifutia gundi. Iko hapa mbele yangu. Umeandika: "Usipake. Usisugue. Usiguse uso wake." Na chini ya "usiguse" umepiga mistari miwili. Mimi ndiye niliyeitwa Kioo kwa ajili ya huo uso. Nafungua bando nakuta uso umeshang'arishwa na taa, na mtoto niliyemfundisha kushika randa ananiambia nisiguse. Nikajiambia, basi Kioo, umestaafishwa, tena kwa maandishi. Ndipo nikachukua msasa. Nilitaka nione kama chini yake kuna mbao au hakuna.

Mbao ipo. Nisamehe zile sita. Lakini nawe usinifiche: umeniona nimezeeka, sivyo?

Mjomba wako


Karakana,
Jumatatu, tarehe 15

Mjomba,

Shikamoo, na leo imekaa mahali pake, mwanzoni.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kwenye makabati manane ninayoyatengeneza kwa ajili ya hoteli moja. Nikaligonga la kwanza kwa kiganja. Likakiri. Nikaenda hadi la nane, yote yakakiri, mafundi wangu wamesimama wananitazama kama mwanamke aliyepandwa na wazimu, anayebomoa mali yake kwa makofi. Sasa tunasugua ukanda wa kidole. Umeniokoa na aibu ambayo ingeanguka na sahani za watu juu yake. Nitalikumbuka hilo hata siku nikikukasirikia, na siku hiyo haiko mbali.

Swali lako. Hapana, sikukuona umezeeka. Nilikuwa na sababu ya kuchagua zile plaiwudi, na sababu yenyewe si haraka wala urahisi. Ila nimeapishwa nisiiseme, na aliyeniapisha unamheshimu kuliko unavyoniheshimu mimi. Niamini bila maelezo.

Nimeirudia kuisoma sentensi hiyo, nikaona inavyosikika. Ni kama daktari anayekuambia huna kitu huku anavua miwani. Lakini sina nyingine.

Breki anakuletea milango kumi, ya plaiwudi hizohizo, pamoja na bawaba na vishikio. Matundu nimeshatoboa. Wewe ni kufunga tu.

Mimi sitaweza kuja tarehe 27, hoteli hainiachii nafasi. Utanikaribishia mama.

Milimita


Nyumbani kwangu,
Jumapili, tarehe 28

Mwanangu,

Nakuandikia nimesimama jikoni kwangu, karatasi iko juu ya kaunta, na sijainama wala sijapandisha mabega.

Kwanza nikuambie kwamba nilijua. Mtoto gani anampigia mama yake simu kumwuliza, "Mama, kiwiko chako kiko sentimita ngapi kutoka chini?" Nikakuuliza ya nini, ukasema unanishonea gauni. Gauni gani hilo linaloanzia sakafuni likaishia kwenye kiwiko? Niliwapa wapishi wenzangu futi wakanipima, mmoja ameshika juu, mmoja amepiga magoti, tumekufa kwa kicheko, nikakutumia tisini na nane. Nikajisemea, huyu ananijengea jiko. Nikanyamaza, maana nilitaka nifurahi kwa muda mrefu.

Majiko yote niliyopikia yalijengwa kwa ajili ya watu warefu. Sikuwahi kulalamika, nilidhani bega la mpishi ndivyo lilivyo. Leo asubuhi nimekata vitunguu, nikangoja bega lianze kuuma kama kawaida yake. Halikuuma. Nikakata vingine ambavyo hata sikuvihitaji.

Jana nilifungua na kufunga kila mlango, kila droo. Mjomba wako alikaa pembeni akijifanya anasoma gazeti, nami nikamwacha, ingawa alikuwa amelishika juu chini. Kule ndani kunang'aa, mwanangu. Nilimwaga mafuta makusudi nikayafuta kwa kitambaa, hata doa halikubaki. Nikasema, hii ni akili ya mwanangu.

Lakini milango si yako. Yako kumi iko bandani, imefunikwa shuka kama wagonjwa. Mjomba wako ametengeneza yake, kwa zile mbao ambazo baba yetu aliziweka darini zikauke, mimi nikiwa bado na meno ya utoto. Hakuipaka vanishi hata tone. Ameisugua kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba, na mkewe ananiambia alikuwa anaimba, kitu ambacho hakijasikika humo ndani siku nyingi. Nikiusogelea mlango najiona mwenyewe, tena nimependeza. Breki ametupiga picha, ameisafisha dukani, hiyo hapo ndani ya bahasha. Uso wangu umekaa vibaya kwa sababu nilikuwa nacheka.

Sasa nina mambo mawili, na yote mawili ni kazi yako.

La kwanza ni ile siri niliyokuapisha. Nilikuambia kwamba vanishi inamletea Mjomba wako kikohozi, na kwamba daktari amemkataza kuipaka, halafu nikakukataza usimwambie kwamba nimekuambia. Nilidhani namhifadhia heshima yake. Kumbe nimemwumiza. Jana aliniambia, "Dada, mtoto ananificha kitu, na mimi nakijua. Ameona nimekwisha." Nimekufungua kiapo. Mwambie.

La pili, amemwahidi mtu meza yake ya kazi. Mtu huyo anakuja kuichukua Jumamosi hii. Meza ileile uliyokuwa unapanda juu ya debe ili uifikie. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanijibu kwamba koleo halijavunjika, limeachwa tu. Mimi nikizidi kusema atadhani namhurumia. Wewe hujawahi kumhurumia mtu, tangu mdogo. Mwandikie.

Njoo ule kwangu. Sasa naweza kusema hivyo.

Mama yako, mwenye jiko


Karakana,
Jumanne, tarehe 30

Mjomba,

Shikamoo.

Aliyeniapisha ni dada yako, naye amenifungua. Sababu ya zile plaiwudi ilikuwa kifua chako. Nilitaka mama apate jiko lililojengwa na wewe, na nilitaka ulijenge bila kushika brashi ya vanishi. Nikatafuta mbao inayokuja imeshapakwa. Kisha, kwa kuogopa kwamba utaipaka tu kwa ubishi, nikaandika "usiguse" nikapiga mistari miwili. Mstari mmoja ulikuwa wa kifua chako. Wa pili ulikuwa wa kelele zangu za kawaida. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa uzee wako. Pole, Mjomba. Nimepima kila kitu kwenye jiko lile isipokuwa neno hilo.

Hilo limekwisha. Sasa nirudi kwenye malalamiko yangu, maana ninayo.

Nilikuletea milango kumi, imetobolewa, ina bawaba, nawe umeifunika shuka bandani. Kisha umeweka ya kwako bila kuniambia. Nimeibandika picha ya mama juu ya meza yangu ili niitazame nikiwa na hasira. Haikunisaidia. Mwenye hoteli alikuja kukagua kazi yake, akapita makabati yangu manane bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye picha. Akauliza, "Nani huyu mama anayecheka, na nani katengeneza hiyo milango?" Leo asubuhi amekuja mteja mwingine, mwanamke mmoja mgumu ambaye hajawahi kusifu hata mvua. Akaishika picha, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Ndani nataka hivi ulivyofanya wewe. Nje nataka huyu."

Nimekaa nikafikiri kama mtu wa hesabu, si kama mpwa. Mimi boksi naliunga upesi na ndani yake panafutika. Lakini hakuna mtu anayemwita jirani yake aje kutazama ndani ya boksi. Wanaitana kutazama uso, na uso wenye kung'aa kwa nta na mkono hakuna kiwanda kinachoniuzia. Nimeuliza. Mimi nina boksi zisizo na uso. Wewe una uso, na umeuahidi kwa mtu wa Jumamosi pamoja na meza.

Kwa hiyo sikiliza: hamia huku na meza yako, tufanye kazi pamoja. Nimeng'oa rafu chini ya dirisha la mashariki, lile linaloingiza mwanga mzuri asubuhi. Meza yako ina mita mbili na sentimita ishirini. Sikuhitaji kuja kuipima, nilikua juu yake. Nafasi niliyoacha ni mita mbili na thelathini. Zile tano kila upande ni za vidole vyako wakati wa kuisukuma ikae. Upande wenye lile kovu la patasi yangu ya kwanza, ambalo ulikataa kulirandia, ukae dirishani. Hakuna vanishi itakayofunguliwa humo ndani. Mafundi wangu nimewaambia anayetaka kupaka akapake uani, na wawili wameshaanza kuniuliza hiyo nta inapatikana wapi.

Na jina mlangoni litabadilika, yatakuwa mawili. Fundi wa maandishi ameniuliza lianze lipi. Nimemwambia angoje.

Mkeo nimempigia simu. Yeye aliuliza swali moja tu, kama kwangu maji yanatoka kila siku. Nikamwambia yanatoka. Kama umeona vikombe vinapungua kabatini, hukosei, viko kwenye kasha chini ya kitanda, vimefungwa kwa lile gazeti lako unalolisoma juu chini.

Mama hatabaki mpweke. Ametangaza kwamba sote tutakula kwake kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na atakayechelewa ataosha vyombo kwenye sinki lake la sentimita 86. Wewe ni mrefu, mgongo wako utakoma. Usichelewe.

Breki atakuwa mlangoni kwako Ijumaa hii. Lori ni tupu, nimempa na mablanketi mawili ya kuifunika meza. Saa nne kamili asubuhi anawasha injini, meza ikiwa juu au ikiwa chini. Mtu wa Jumamosi atatafuta meza nyingine, dunia ina meza nyingi.

Nataka jibu la neno moja. "Tutaona" si jibu. "Nitafikiria" si jibu. "Mungu akipenda" ni jibu la Mungu, nami nakuuliza wewe. Na ukinitumia fumbo, nitalipiga msasa, namba themanini, mpaka nione kama chini yake kuna neno au hakuna.

Ijumaa, kabla ya saa nne, mkononi mwa Breki: unakuja, ndiyo au hapana?

Mpwa wako,
Milimita